Aliyelala Kwenye Kaburi la Mwalimu

Mlindima hapakuwa na mto, hapakuwa na lami, wala duka la maana, lakini palikuwa na kaburi, na kwa kaburi hilo watu wake walitamba mpaka wakachosha. Mtu akitoka Mkunya au Chilangala na mtoto mgonjwa mgongoni, alimpeleka kwanza zahanati. Zahanati ikikosa dawa, jambo ambalo miaka ile halikumshangaza mtu, alimpeleka kwa Mwalimu Cecil. Na Mwalimu Cecil mwenyewe alikufa tangu vita vya Mjerumani.

Habari zake kila mtoto wa kipaimara alizijua kwa moyo. Alisoma kwa wamisheni huko Masasi, akaletwa Mlindima kufundisha katekisimu. Vita vilipopanda huko juu uwandani, askari walikuja kutafuta chakula na wapagazi, na watu wakateremka mbio kujificha bondeni, kando ya Ruvuma. Mwalimu akabaki kulinda kanisa. Alipokataa kusema watu wamejificha wapi, wakamvunja mguu wa kulia pajani kwa kitako cha bunduki, kisha wakauvunja tena chini ya goti. Mzee mmoja aliyekuwa amechelewa kukimbia aliyaona hayo kutoka kichakani, naye akatimua mbio. Watu waliporudi baada ya mvua walikuta kanisa limeungua, na kando yake kaburi moja limefukiwa vizuri. Nani mwingine awe mle? Wakasimamisha msalaba, wakalia, wakaanza kuombea hapo. Nani alimzika, hawakuhangaika sana kujua. Wengine walisema wapita njia, wengine malaika.

Dorika, mama yake Oliva, hakuliamini kaburi lile kwa kusikia. Yeye alikuwa na ushahidi, na ushahidi wenyewe ulikuwa unakula, unavaa, na unamjibu kwa jeuri: binti yake. Kabla ya Oliva alikuwa amezika watoto wawili. Oliva alipokuwa mdogo, ndio kwanza anaanza kusema maneno ya kueleweka, degedege lilimshika mchana wa jua kali, macho yakageuka juu, meno yakakaza. Zahanati imefungwa. Dorika alikimbia naye hadi kaburini, akamlaza juu ya udongo, akamwaga unga wa mtama kiganja kimoja pale kichwani kama walivyofanya bibi zake kwa wazee wao, akasema, "Mwalimu Cecil, mimi sina mwingine." Jua halijapungua ukali, mtoto akaomba uji.

Tangu siku hiyo kaburi lilikuwa lake. Kila Jumamosi alilifagia, akang'oa magugu, akachoma takataka. Mapadri walikuja na kuondoka, na wote waliuona ule unga wa mtama, na wote wakajifanya wanatazama kengele.

Sasa Oliva alikuwa mke wa mtu. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika. Ya tatu ilikuwa imefika, tumbo liko mbele kama debe, na kwa desturi alikuwa amerudi kwa mama yake kujifungua. Dorika hakuwa na wasiwasi. Alijua siku uchungu ukianza atakwenda wapi na atasema nini.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, wanunuzi binafsi walipoanza kuzifuata korosho hadi vijijini na magari yao. Mtu aliyepiga mikorosho yake dawa ya salfa aliona matunda yake, na mabati yakaanza kung'aa mahali palipokuwa na nyasi. Mlindima nao wakajenga kanisa jipya la tofali za kuchoma. Padri Cuthbert, mtu wa Lulindi, alikuwa amelisimamia jengo lile mpaka akakonda. Lilipokaribia kwisha, wazee wa kanisa wakasema haifai Mwalimu abaki nje kwenye umande. Mifupa yake ihamishwe, ilazwe chini ya altare, kabla askofu hajaja kulifungua kanisa Jumapili.

Kazi ya kuchimba akapewa Nurdin, Baba Ashiru. Kule uwandani maji hayachimbwi, yanangojwa kutoka juu, kwa hiyo kila mwenye bati huchimba shimo, akalisakafia, akaelekeza mvua humo. Karibu mashimo yote ya Mlindima yalitoka mikononi mwa Nurdin. Kwamba yeye ni Mwislamu halikumsumbua mtu. Msikiti na kanisa vilitazamana, na kwenye misiba walikula sahani moja.

Alhamisi asubuhi Padri aliomba, akanyunyiza maji ya baraka, akakimbilia lori la saruji lililokwama njiani. Akina mama wa umoja wa kanisa wakabaki na kitambaa cheupe cha kufungia mifupa, wamekaa kwenye majamvi. Mwenyekiti wao alikuwa Mabel, Mama Majaliwa, mwanamke mwenye sauti ya kuendesha kikao bila kipaza sauti. Nurdin akachimba. Alifika kiunoni, akafika kifuani, akafika shingoni. Mwishowe jembe likagonga ardhi ngumu ambayo haijawahi kuguswa. Akaifagia kwa mkono. Hapakuwa na mfupa, hapakuwa na jino, hapakuwa na hata kifungo cha shati.

Mabel aliinuka, akachungulia.

"Hayupo," akasema. Halafu, taratibu, kama mtu anayejaribu daraja kwa mguu mmoja: "Kachukuliwa. Kama Eliya."

Walipiga magoti palepale. Mmoja akaanzisha wimbo wa Pasaka, mwingine akapiga vigelegele, na punde kundi zima likawa njiani kwenda nyumbani kwa Padri, vumbi likiwafuata. Dorika naye alisimama aende. Moyo wake ulikuwa umejaa, anataka kulia na kucheka kwa pamoja. Mtu wake, mtu aliyemfagilia miaka yote ile, amepaa. Lakini aligeuka kumwangalia Nurdin, na Nurdin hakuwa ametoka shimoni.

Alikuwa ameegemea mpini, anautazama ukuta wa shimo upande mmoja, kisha anaondoa macho, kisha anautazama tena.

"Baba Ashiru, mbona hutoki?"

"Natoka."

Hakutoka.

"Unaangalia nini hapo?"

"Mama Oliva, nenda na wenzako."

"Nimekuuliza."

"Na mimi nimekuomba," alisema Nurdin kwa upole. "Ukienda sasa hivi, nafukia, na mimi mdomo wangu naujua. Ukinilazimisha kusema, nitasema."

Mtu mwenye akili ya kawaida angeondoka. Nyimbo zilikuwa zinasikika bado, na muujiza ulikuwa mpya, una joto lake. Lakini Dorika hakuumbwa hivyo. Alikuwa mtu wa kufunua chungu ambacho ameambiwa asifunue. Akajiambia kwamba kama Mwalimu amepaa kweli, kuuliza habari za ukuta hakutamteremsha.

"Sema."

"Sisi maiti hatumlazi katikati ya shimo," Nurdin akasema. "Tukimaliza kuchimba kwenda chini, tunachimba tena ubavuni, upande wa kibla, kama chumba kidogo. Tunaita mwanandani. Humo ndimo analazwa, tunaziba kwa miti, na shimo la katikati linafukiwa tupu."

"Na kibla hapa ni wapi?"

Alionyesha kwa kidevu ule ukuta. Kaskazini.

"Kuna udongo laini pale," akasema. "Nimeuhisi tangu jembe lilipopita."

"Chimba."

Aliweka jembe kando, akatumia mikono. Udongo ukamwagika vipande vipande na vijiti vilivyooza, na nyuma yake akaonekana mtu. Amelala kwa ubavu wa kulia, kichwa mashariki, uso kaskazini, mifupa imekuwa na rangi ya ardhi. Nurdin akasema maneno ya dini yake chini kwa chini, akavua kofia, kisha akakumbuka kwao haivuliwi, akaivaa tena.

Dorika alitafuta njia haraka, na njia ilikuwapo. "Walimzika Waislamu. Watu wetu si walikuwa wamekimbia? Waliopita walimkuta amekufa, wakamzika kwa namna wanayoijua wao."

"Yawezekana," alisema Nurdin. Alisema kama mtu anayempisha mgonjwa kitini.

"Mguu," akasema Dorika.

Akajifunga kanga vizuri, akateremka shimoni mwenyewe. Akaushika mfupa wa paja la kulia, akapitisha kiganja kutoka nyongani hadi gotini, kisha kutoka gotini hadi kwenye kifundo, polepole. Akarudia. Akafanya hivyo hivyo kwa wa kushoto, maana mzee wa kichakani naye alikuwa mtu, angeweza kukosea upande. Mifupa iliyovunjwa kwa kitako cha bunduki haihitaji daktari kuitambua. Hii ilikuwa laini, imenyooka, haina hata ufa.

"Yote miwili mizima," akasema.

Dorika alikaa chini, mgongo kwenye udongo, na kilichompanda kwanza kilikuwa hasira, tena hasira kwa yule marehemu wa watu, kana kwamba aliingia nyumba isiyo yake akawa anapokea salamu za mwenye nyumba. Halafu hasira ikapita, ikaja hofu. Haikuwa hofu ya Jumapili wala ya askofu. Alikuwa anaifikiria ile siku ya degedege. Yeye alitaja jina. Alisema, Mwalimu Cecil, mimi sina mwingine, na Mwalimu Cecil hakuwapo hapo, labda aliliwa na fisi njiani, labda alijikokota akafia porini, Mungu ndiye anajua. Basi nani alimsikia? Na kama hakuna aliyemsikia, Oliva alipona kwa nini? Na uchungu ukianza wiki hii, atamwita nani?

"Huyu ni nani, Baba Ashiru?"

"Mpagazi, nadhani. Wa pwani huko. Alikuwa na wenzake, na walimpenda. Vita vimekukaba, una njaa, huwezi kumchimbia mtu mwanandani kama humpendi."

Nyumbani kwa Padri Cuthbert uwanja ulikuwa umejaa. Hata wachuuzi wa samaki wakavu walikuwa wameweka mizigo chini kusikiliza. Padri amesimama barazani, saruji kwenye viatu, na usoni ana kitu ambacho Dorika hakuwahi kukiona tangu msingi uchimbwe: alikuwa mtu aliyepumzika. Dorika akamwomba waende nyuma ya nyumba, akamweleza yote bila kupamba.

Padri alisikiliza akikwangua saruji kwenye kidole.

"Nani mwingine ameona?"

"Nurdin."

"Nurdin atanyamaza."

"Atanyamaza. Ndiyo maana nimekuja mimi."

Padri akashusha pumzi. "Mama Oliva, imani yetu haikujengwa juu ya mifupa ya katekista."

"Yako labda, Padri. Yangu ilijengwa hapo hapo."

"Sasa wasikie wanavyoimba. Niwaambie nini?"

"Waambie waje waone."

"Na wewe je? Ukishawaonyesha, wewe utabaki na nini?"

"Sijui," akasema. "Lakini siwezi kumwomba Mungu huku nimemficha mtu ukutani."

Padri Cuthbert hakuwa mwongo, tuseme ukweli. Alikuwa amechoka tu, na mtu aliyechoka akipewa muujiza hauulizi umetoka wapi. Alivaa kofia, akaenda. Alipochungulia shimoni akakiona kichwa kiko mashariki, uso ukamchangamka. "Mapadri ndivyo tunavyowazika," akasema, "kichwa mashariki, watazame waumini wao." Kisha akaziona mbavu zilivyolala upande, na ile mifupa ya miguu, akavua kofia. Baadaye aliwaambia watu mwenyewe, amesimama ukingoni mwa shimo, bila kuwasukumia mzigo Dorika wala Nurdin. Watu wakaondoka mmoja mmoja, na njiani hakuna aliyeimba.

Ijumaa Waislamu walimchukua mtu wao. Wakaikusanya mifupa kwenye sanda mpya, na Shehe Fakihi alipouliza jina, hakuna aliyelijua. Wakamwita Abdallah, kwa kuwa kila mtu ni mja wa Mungu. Dorika alifuata jeneza hadi pale wanawake wanaposimama, akasimama. Hakujua anamfuata nani, lakini kukaa nyumbani alishindwa.

Jumapili askofu alifungua kanisa. Moshi wa ubani ukapanda hadi kwenye mabati, kwaya ikaimba, na chini ya altare hapakuwa na kitu ila saruji. Dorika alikaa mahali pake akifumbua mdomo pale wenzake walipofumbua. Nje, baada ya ibada, Mabel alimsubiri.

"Mama Oliva, mimi nakuuliza kwa nia njema. Ulikuwa na haja gani na ule ukuta?"

"Nilitaka kujua."

"Sasa umejua. Umepata nini?"

"Sijapata kitu, Mama Majaliwa."

"Ndiyo hivyo," alisema Mabel, akaondoka, na tangu hapo hakumsalimia.

Dorika alijaribu kuomba. Alijaribu shambani, alijaribu jikoni akimenya ming'oko, vile viazi vya porini. Akianza na "Mwalimu", neno hakulimaliza. Akianza na "Mungu", aliona haya. Maisha yake yote alikuwa amepitia kwa Mwalimu, na sasa kumwendea Mungu moja kwa moja ilikuwa kama kwenda kwa mkuu wa wilaya bila barua ya mwenyekiti wa kijiji. Ataulizwa, wewe nani, umeletwa na nani? Aliacha. Na tumbo la Oliva likawa limeshuka.

Uchungu ulianza Jumanne asubuhi na haukwenda vizuri. Vitalis, mkwewe, akasimamisha gari la mnunuzi wa korosho, wakampakia Oliva juu ya magunia matupu, wakaenda naye hospitali Newala. Wauguzi wakamchukua, mlango ukafungwa, Dorika akaachwa kwenye benchi la nje pamoja na ndugu wa wagonjwa. Kulikuwa na mama mmoja anavuta tasbihi, na mwingine ameinamia rozari. Midomo yao wote ilikuwa inakwenda. Ya Dorika haikwenda. Alifumba macho, akaona tu ile mifupa myekundu imenyooka, akayafumbua. Jirani yake alikuwa na mchele kwenye ungo, wa kumpikia mgonjwa wake, umejaa chuya na mawe. Dorika aliuvuta ungo, akaanza kuchambua. Alichambua Oliva akilia, alichambua Oliva aliponyamaza, jambo la kutisha zaidi, na mkono wake haukusimama. Hakumwita mtu yeyote.

Alasiri muuguzi alitoka, akauliza nani mama wa Oliva. Mtoto wa kike. Kichwa kilikuwa kimekwama, mama amepoteza damu, lakini wote wazima.

Mlindima walizipokea habari hizo kama kawaida yao. Mabel, ambaye sasa alikumbuka kusalimia, alisema Mwalimu Cecil hakukasirika, popote alipo, na hiyo ndiyo sifa ya watakatifu. Mke wa Nurdin alisema ni Abdallah: mtu umemtoa ukutani, umemrudisha kwa wenzake, anaweza kukusahau? Kila mmoja alileta unga na kuku. Dorika aliwakaribisha wote, akashukuru. Alijua jambo ambalo wao hawakulijua, nalo lilimsumbua kuliko mifupa. Safari ile aliyomwita mtu asiyekuwapo, mtoto alipona. Safari hii hakuita kabisa, na mtoto akapona vilevile. Sasa hapo mtu ashike lipi?

Alilibeba hilo mpaka likamshinda. Mchana mmoja alimpelekea Oliva uji wa pilipili manga chumbani, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, asiondoke.

"Oliva."

"Naam, mama."

"Siku ile hospitali mimi sikuomba."

Oliva alikuwa ananyonyesha. "Hukuomba nini?"

"Sikuomba. Sikumwomba Mwalimu, sikumwomba yule mwingine, sikumwomba Mungu. Wewe unalia mle ndani, mimi nachambua mchele wa watu." Alisema kama mwizi anayerudisha kitu, hamwangalii mwenye mali. "Nilitaka uambiwe na mimi, usije ukadhani nilikuombea."

Oliva alimhamishia mtoto ziwa la pili, akamtengeneza kichwa.

"Basi niliomba mimi," akasema.

Dorika akainua uso. "Ulimwomba nani?"

Oliva alimtazama mama yake kwa mshangao, kisha karibu acheke, ila mshono ulimuuma.

"Mama, mtoto amekwama. Ningeuliza saa ngapi namwita nani?"

Akampa mtoto ili apate kunywa uji. Dorika alimpokea, akamlaza begani, akampapasa mgongo mpaka akacheua. Oliva alikunywa akipuliza. Nje mtu alikuwa anatwanga. Dorika aliendelea kumpapasa mtoto, na baada ya muda akajisikia midomo yake inakwenda, taratibu, na sala yenyewe haikuanza na jina la mtu.